Kiinua Mgongo

Serikali ilinipa kiinua mgongo,
nami nikakipeleka kuinua mgongo wa gari:
jeki mbili za kuazima, magogo manne ya mwarobaini,
na juu yake nyumba ya bati yenye magurudumu sita,
umri wake miaka thelathini na nane,
imeegemea ukuta wetu wa Tabata Kisiwani
kama mgonjwa aliyeambiwa daktari katoka kidogo.

Wifi yangu Sikudhani alisimama mlangoni na ungo wa mchele:
"Nyumba unayo. Choo unacho ndani.
Sasa hii yenye matairi unaitafutia kiwanja gani?"

Sikumjibu. Miaka thelathini na moja
nimechora Bonde la Ufa ubaoni kwa chaki ya kijani
na kulifuta kengele ilipolia.
Sijawahi kusimama ukingoni mwake.

Fundi Kondo hakuja na maneno.
Alizunguka na mpini wa bisibisi, akigonga bodi:
ko, ko, ko, pwa.
Palipolia pwa, akachora msalaba.
Nilihesabu misalaba hamsini na saba, nikaacha.
"Mwalimu," akasema, "hapa rangi ndiyo inashikilia kutu."

Tukakwangua.
Chini ya nyeupe, buluu.
Ndani ya buluu, kipande cha maneno: NIKI YA MACH.
Chini yake njano, kavu kama kiini cha yai la jana,
kisha wekundu wa praimeri, kisha chuma chenyewe, kimya.
Nikamwita Anzuruni, kijana wa msasa,
nikamweleza matabaka ya miamba,
lipi kongwe, lipi changa, na kwa nini.
Alisikiliza kwa adabu, vumbi limempa mvi,
akauliza, "Hili litakuja kwenye mtihani?"

Gerezani nilitafuta mpira wa dirisha la mbele.
Duka la saba lilinicheka, la nane likaniuzia wa basi.
Tukaukata kwa wembe,
tukaubembeleza kwa sabuni ya kipande
mpaka ukaingia, ukiguna.

Rangi ilipulizwa Jumanne.
Fukuto la Machi halikutuuliza.
Saa tisa alasiri ubavu mzima ulikuwa umeingia ukungu,
mweupe wa maji ya mchele.
Fundi Kondo alivua kofia, akautazama, hakutukana.
"Hewa ina maji," akasema tu.
Nami ndiye niliyewaimbisha watoto wa watu unyevuanga,
maana yake, kipimo chake, mifano miwili!
Msasa namba mia nne, wa maji.
Tukaanza upya.

Asubuhi ya tatu Sikudhani alileta uji, akasahau kuondoka.
"Mstari msiweke mwekundu, mtaitwa zimamoto.
Wekeni kijani cha jani la mgomba, lile changa."
Kesho yake nikamkuta ndani,
anapima dirisha kwa shubiri, midomo inahesabu,
na kitambaa cha pazia kiko begani.
Sikusema kitu. Naye hakugeuka.

Mwandika maandishi alikuja na brashi zake tatu:
"Nyuma tuweke neno gani? Kila gari lina neno."
Nikamwambia paache wazi,
hatujafika mahali pa kutolea neno.

Injini ilikataa mara nne. Ya tano ikakohoa moshi
hadi kwenye shuka za jirani, zote nyeupe.
Tukatoka getini huku Sikudhani amekumbatia sufuria zisigongane,
Anzuruni anakimbia pembeni akishangilia.
Kabla ya Barakuda radieta ikachemka.
Tukarudishwa na lori la mchanga, kwa kamba,
polepole, mbele ya mtaa mzima.

Usiku nikafungua daftari.
Kalamu iliyokuwa karibu ilikuwa nyekundu,
na mkono ukakumbuka kazi yake:

Umbali: kilomita moja kwenda, moja kwa kamba.
Amejitahidi.
Masahihisho: radieta.